Mito ya Umatengo isipite bure

Kwa miaka mingi sasa pamekuwa na mazungumzo, maofisini na mikutanoni, juu ya kujenga mtambo mkubwa wa kufua umeme kwa makaa ya mawe huko Ngaka, wilayani Mbinga. Mazungumzo hayo huzuka, hunyamaza, kisha huzuka tena kila bei ya makaa inapopanda duniani, au kila mgao wa umeme unapowagusa wakubwa wa mijini. Wanaoyaendesha hutuambia kwamba makaa ni yetu, yako chini ya miguu yetu, na kwamba ni ujinga kuwa na mali hiyo na kukaa gizani.

Hoja hiyo inavutia, na inafaa ijibiwe kwa heshima. Lakini ijibiwe. Kwani katika wilaya hiyo hiyo ya Mbinga, na katika wilaya ya Nyasa iliyozaliwa kutoka ubavuni mwake mwaka 2012, kuna mali nyingine ambayo haihitaji kuchimbwa, haihitaji malori, na wala haiishi kwa kutumiwa. Mali hiyo ni mito inayoporomoka kutoka milima ya Umatengo, na jua linaloiwakia pwani ya Ziwa Nyasa tangu Mei mpaka Novemba karibu bila wingu. TANESCO ni shirika la umma. Yapasa umma ulitake shirika lake ligeukie mali hiyo sasa, na lisisubiri kuambiwa na wafadhili.

Tuanze na makaa yenyewe, maana hapo ndipo kumbukumbu zetu zinapokuwa fupi mno.

Mgodi wa Kiwira ulijengwa kwa msaada wa Wachina na kukamilika mwaka 1988. Ulikuwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6. Baadaye tuliahidiwa kwamba Kiwira ingetoa megawati 200. Mgodi ukaingia katika ubinafsishaji, ukaingia katika magomvi, ukasimama. Megawati 200 hazikuonekana hata moja. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilitia saini na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mkataba wa chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, wilayani Ludewa. Mchuchuma ilikuwa itoe megawati 600. Miaka imepita, watoto waliozaliwa mwaka ule wamekwisha maliza shule ya msingi, na Mchuchuma haijawasha taa moja. Mwaka huo huo wa 2011 uchimbaji ulianza Ngaka, kwa ubia wa NDC na kampuni ya Intra Energy ya Australia, na hapo pia mtambo wa umeme ulikuwa umeandikwa katika mipango. Makaa yalichimbwa, yakauzwa kwa viwanda vya saruji na vinginevyo, na baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022 yakasafirishwa kwa wingi kupitia bandari ya Mtwara. Umeme haukutoka.

Kwa hiyo atakayesimama leo mbele ya wananchi wa Mbinga na kusema "makaa yatatuletea umeme" ana deni la maelezo. Bonde la Ruhuhu limetoa ahadi za umeme kwa zaidi ya miaka thelathini, na tukizijumlisha zote zinatosha kuiangaza nchi jirani pamoja na yetu.

Sisemi kwamba mgodi wa Ngaka ufungwe kesho. Wako vijana waliopata kazi pale, ziko halmashauri zinazopata ushuru, na viwanda vya saruji bado havijapata moto mwingine wa bei hiyo. Hilo ni suala la siku nyingine. Ninalolipinga ni fedha za shirika la umma kuzikwa katika mtambo ambao ukijengwa utahitaji kulishwa makaa kila siku kwa miaka arobaini, wakati dunia nzima inaukimbia. Mwezi Septemba 2021 China, ambayo ndiyo iliyokuwa mjenzi na mkopeshaji mkubwa wa mitambo ya namna hiyo, ilitangaza katika Umoja wa Mataifa kwamba haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Mabenki mengi ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kufunga mlango kabla yake. Anayetaka kujenga mtambo wa makaa leo atakopa kwa wachache waliobaki, kwa riba wanayoitaka wao. Mwalimu wa shule ya msingi ya Lituhi ndiye atakayelipa riba hiyo kupitia LUKU.

Na kuna maji. Ngaka imo katika bonde la Ruhuhu, na Ruhuhu humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Majivu ya makaa na maji ya machimbo, yasipoangaliwa kwa ukali ambao kwa kweli hatujazoea kuutumia, mwisho wake ni ziwani. Samaki aitwaye mbasa hupanda mito hiyo kwenda kuzaa. Wavuvi wa Lituhi na Liuli hawahitaji mtaalamu wa kuwaambia nini hutokea mto ukiharibika.

Sasa tuje kwenye shirika. TANESCO ilianzishwa mwaka 1931 kama kampuni ya kikoloni, ikiwahudumia walowezi, mashamba ya mkonge na mitaa michache ya miji. Serikali ilianza kuchukua hisa zake mwaka 1964, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 kampuni yote ikawa mali ya umma. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kuzitaja nguvu za umeme miongoni mwa njia kuu za uchumi ambazo hazifai kuwa mikononi mwa watu binafsi. Maana ya jambo hilo ilikuwa kwamba uamuzi juu ya umeme utolewe kwa kuangalia faida ya wote. Haikuwa na maana kwamba shirika likae likisubiri mwenye makaa, au mwenye dizeli, au mwenye jenereta la kukodisha, aje kulipangia kazi.

Lakini tukubali kwamba mambo hayakwenda hivyo siku zote. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995 ulilifunga shirika kulipia mtambo wa mafuta mazito wa megawati 100, uwashwe usiwashwe. Ukame wa mwaka 2006 ulipoyakausha mabwawa, tulikimbilia jenereta za kukodi, na sakata la Richmond lililofuata likamwondoa Waziri Mkuu madarakani mwezi Februari 2008. Mikataba hiyo yote ilikuwa ya kuchoma kitu fulani, na anayekiuza kitu hicho alikuwa mtu mwingine. Mto hauna muuzaji. Jua halina wakala. Wakati mwingine nadhani hiyo ndiyo sababu hasa ya mto na jua kukosa watetezi hodari katika vyumba vya mikutano.

Mbinga yenyewe inayo historia yake ya dizeli. Kabla ya mwaka 2018 mkoa mzima wa Ruvuma haukuwa umeungwa na gridi ya Taifa. Songea, Mbinga, Namtumbo na Tunduru zilitegemea jenereta, na mafuta ya jenereta za Mbinga yalisafiri kwa barabara zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Dar es Salaam. Lori likikwama njiani kwa mvua, mji ulilala gizani. Umeme uliofuliwa kwa mafuta hayo uliuzwa kwa bei ile ile ya nchi nzima, na tofauti ikabebwa na shirika. Kila saa ya mwanga Mbinga ilikuwa hasara kwa TANESCO, na huku maji yalikuwa yakipita nyuma ya nyumba.

Nani aliyeona maji hayo? Shirika la umma halikuyaona. Waliyaona masista. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walianza kwa mtambo mdogo wa kuendeshea utawa na shule zao, kisha wakathubutu zaidi: mwaka 2015 mtambo wao wa Tulila katika mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, ulianza kuiuzia TANESCO umeme. Watawa wanawake ndio waliolisaidia shirika la Taifa kupunguza jenereta zake. Na huko Mbangamao, wilayani Mbinga, kampuni ya wazalendo iitwayo Andoya ilijenga mtambo wa maji wa megawati 1 ukaingia katika mtandao wa Mbinga wakati mji huo ungali unategemea dizeli. Megawati 1 si kitu kwa mtu wa Ubungo. Kwa mji mdogo wa mkoani, wenye mashine za kusaga, zahanati na ofisi za wilaya, ni jambo kubwa.

Mifano hiyo miwili inajibu swali ambalo wataalamu wetu hulizungukazunguka: je, mito ya Kusini inaweza? Inaweza. Imekwisha kufanya hivyo, kwa mikono ya watu wenye mtaji mdogo kuliko wa shirika, wenye wahandisi wachache kuliko wa shirika, na wasio na mamlaka yoyote ya dola.

Isitoshe, shirika lenyewe lilikuwa na kazi hiyo mkononi zamani. Kikuletwa, karibu na Moshi, ulikuwapo mtambo wa maji wa zaidi ya megawati 1 tangu miaka ya 1930. Ulizimwa katika miaka ya 1980 na ukaachwa, mpaka baadaye sana Chuo cha Ufundi Arusha kilipokabidhiwa mahali hapo ili kupafufua. Huko Uwemba, Njombe, shirika lilikuwa na mtambo wake mdogo usiofika megawati 1. Vitu kama hivyo vilidharauliwa kwa sababu ni vidogo. Mhandisi aliyetoka chuoni alitaka kupelekwa Kidatu au Mtera, na karani wa makao makuu aliona taabu ile ile ya makaratasi kwa megawati 1 kama kwa megawati 100. Hivyo ndivyo urasimu unavyoua mambo madogo yenye manufaa. Hauyakatazi, unayasahau tu.

Najua jibu litakalotolewa. Litasema kwamba hayo yalikuwa ya zamani; kwamba njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa fedha za Serikali yetu na msaada wa Sweden, ilikamilika mwaka 2018 na kuzinduliwa na Rais John Magufuli mwezi Aprili 2019; kwamba Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme mwezi Februari 2024 na kukamilisha mitambo yake mwaka 2025; kwamba kwa hiyo nchi ina umeme wa kutosha na umeme wenyewe ni wa maji. Basi Mbinga inataka nini tena?

Njia ya Makambako ni kazi nzuri, na Bwawa la Nyerere ni fahari ya Taifa iliyojengwa kwa fedha zetu wenyewe huku wengine wakitukataza. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeyabeza. Na kama hoja ni kwamba umeme wa Rufiji unatosha, basi hoja hiyo hiyo inaua kabisa haja ya mtambo wa makaa Ngaka, na wenye makaa wanyamaze. Lakini umeme kutosha nchini ni jambo moja, na umeme kufika Mbamba Bay ukiwa mzima ni jambo jingine. Kutoka Songea mpaka Mbinga ni karibu kilometa mia moja. Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kilometa nyingine zaidi ya sitini za kushuka mlima. Kisha njia zinatambaa kando ya ziwa kuelekea Liuli kwenda Lituhi. Njia ndefu namna hiyo ya msongo wa kati, inayopita misitu na miteremko yenye radi kali kuanzia Desemba hadi Aprili, hupoteza umeme njiani, na nguvu inayofika mwishoni huwa imechoka. Tawi moja likiangukia waya, wilaya nzima inangoja gari la mafundi lipande na kushuka milima.

Hapana mhandisi asiyejua dawa ya ugonjwa huo. Dawa ni kufua umeme mahali unapotumika, ili ncha ya njia iwe na moyo wake. Mtambo wa maji wa megawati mbili au tatu katika miteremko ya Umatengo, na uwanja wa umeme wa jua wenye betri karibu na Mbamba Bay, ungeshikilia njia hiyo isizame, na siku Songea inapokatika ungebakiza taa katika hospitali, katika mashine za maji na katika bandari. Ndiyo sababu nasema Tulila na Mbangamao zisihesabiwe kama masalia ya enzi ya dizeli. Zilikuwa mwanzo wa jambo ambalo gridi ingelifanya liwe na maana zaidi.

Hapa pana dhuluma ndogo ambayo watumishi wa wizara na EWURA wanaielewa vizuri, ila husemwa kwa sauti ya chini. Mzalishaji mdogo aliyeuzia mtandao uliojitenga alilipwa bei iliyolinganishwa na gharama ya dizeli aliyoiokoa. Gridi ya Taifa inapofika, kipimo kinabadilika na bei inashuka. Hesabu yake ya mkopo aliifanya kwa bei ya kwanza. Sheria inaruhusu, na hakuna aliyevunja kanuni. Lakini mtu aliyeichukua hatari wakati shirika linaogopa, kisha akaachwa aumie gridi ilipokuja, atawaambia wenzake wasijaribu. Na anapocheleweshewa malipo hata ya bei hiyo ndogo, jambo ambalo wazalishaji wadogo nchini wamelilalamikia kwa miaka, benki yake haimsubiri. Shirika linalotaka mito ifanye kazi litawalipa hawa kwanza, kabla ya kumlipa muuza mafuta.

Tuje kwenye hofu ya ukame, ambayo ndiyo hoja nzito kuliko zote. Ni kweli kwamba maji yametuangusha. Mwaka 2006 tuliumia. Mwezi Oktoba 2015 ukame ulizima mitambo ya maji ya nchi hii kwa kiasi ambacho hakijapata kuonekana. Mtu anayesema "maji, maji, maji" bila kuikumbuka miaka hiyo hafai kusikilizwa.

Lakini tazama mabwawa yaliyokauka miaka hiyo yalikuwa wapi. Mengi yalikuwa katika bonde moja, la Ruaha Mkuu na mito inayoungana nao, na huko juu maji yalikuwa yamekwisha nyang'anywa na mashamba. Tuliweka mayai yote katika kikapu kimoja, kikapu kikaanguka, tukalaumu mayai. Mito ya Umatengo inatoka mahali pengine na inaelekea kwingine. Na kiangazi cha Ruvuma, mito inapopungua, ndicho kipindi ambacho jua linawaka kutwa. Kiangazi hicho hicho ndicho msimu wa kahawa. Mitambo ya kumenya kahawa vijijini na kiwanda cha kukoboa pale Mbinga hufanya kazi kubwa wakati ambapo jua halina mzaha. Kwa hiyo maji yachukue masika, jua lichukue kiangazi, betri zichukue jioni, na gridi ikamate nyuma yao. Mpango wa namna hiyo hauhitaji ardhi ya Ulaya wala akili ya Ulaya. Huko Kishapu, Shinyanga, TANESCO yenyewe ilitia saini mwaka 2023 mkataba wa kujenga uwanja wa umeme wa jua wa megawati 150 kwa awamu, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50. Kama Shinyanga, kwa nini si Nyasa, japo megawati 5?

Majirani zetu ng'ambo ya ziwa wamekwisha kutupa somo, na wamelipa ada kubwa kulipata. Malawi ilitegemea karibu umeme wake wote kwa mto Shire, unaotoka katika ziwa hili hili. Ziwa lilipopungua katika miaka ya 2015 hadi 2017, Lilongwe na Blantyre zilikaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Mwezi Januari 2022 kimbunga Ana kikaubomoa mtambo wa Kapichira, wa takriban megawati 130. Lakini tayari walikuwa wameanza kutafuta mguu wa pili. Mwaka 2021 walifungua uwanja wa jua wa megawati 60 huko Salima, karibu na ufuko wa ziwa, na mwaka 2022 mwingine wa megawati 20 huko Golomoti, wenye betri kubwa za kusawazisha umeme. Jua linaloiwakia Salima ndilo hilo hilo linaloiwakia Liuli. Halibagui upande wa ziwa.

Na kwa wale ambao hawaridhiki mpaka wasikie mfano wa Ulaya, uko. Jiji la Munich, Ujerumani, lina shirika lake la umeme, mali ya jiji. Mwaka 2009 shirika hilo lilijiwekea lengo kwamba kufikia mwaka 2025 lifue, kutokana na upepo, maji na jua, umeme unaolingana na mahitaji ya jiji zima. Hata hivyo liliendelea kuwa na mtambo wa makaa ya mawe. Mwezi Novemba 2017 wananchi wa jiji waliitisha kura, wakashinda, wakiutaka mtambo huo uache makaa. Wasimamizi wa umeme wa nchi waliikwamisha tarehe waliyoitaka wananchi, na ubishi uliendelea kwa miaka. Ninalolipenda katika habari hiyo ni kwamba wananchi walilichukulia shirika kuwa ni lao kweli, wakaliamrisha. Huko Bavaria ndiko walikotoka wamisionari waliojenga Peramiho mwaka 1898. Wametuletea mengi kutoka huko. Hili la kuliamrisha shirika la umma halikuja katika mizigo yao, itabidi tulichukue wenyewe.

Tena tusidhani kwamba watu wa Mbinga wanangoja kufundishwa maana ya nguvu za maji. Katika kijiji cha Kindimba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wataalamu wa Kijapani walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji. Kilichochaguliwa na wanakijiji wenyewe kilikuwa mashine, kwa sababu kina mama walikuwa wakitembea mbali na debe la mahindi kichwani. Na waliiendesha kwa kamati iliyochukua jina la Sengu, baraza la jadi la Wamatengo ambamo wazee na vijana hula pamoja na kuamua pamoja.

Kisha kuna ngolo. Mwalimu yeyote wa jiografia katika nchi hii hufundisha habari za ngolo, lakini sijui ni wangapi huwaambia wanafunzi kwamba ngolo ni sehemu ya mtambo wa umeme. Mmatengo hukata majani, huyalaza kwa mistari inayokatana, huyafukia kwa udongo, na katikati huacha shimo. Mlima mzima unakuwa kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji hayateremki kwa hasira na kuchukua udongo. Hutulia mashimoni, huzama ardhini, na hutoka taratibu katika chemchemi miezi mingi baadaye. Wakulima hao wanatunza mito bila mshahara. Mahali ambapo miteremko imeachwa wazi, mto hujaa tope Machi na hukauka Septemba, na banio la mtambo hujaa mchanga kabla ya mkopo kulipwa.

Basi ikiwa TANESCO itajenga mitambo katika mito hiyo, na kiasi fulani cha mapato yake kirudi kwa vijiji vya juu ya mto, kwa ajili ya kuhifadhi vyanzo na kuendeleza ngolo, hiyo haitakuwa sadaka. Ni ujira wa kazi iliyofanyika. Vijana wengi wa Umatengo wanaiacha ngolo kwa sababu ni kazi ya sulubu isiyolipa. Wakiona kwamba mlima uliotunzwa unaleta fedha kijijini kila mwaka, watafikiri mara mbili. Katika mpango wa makaa hakuna nafasi hata moja ya mkulima huyu, isipokuwa kupisha.

Miradi mikubwa nayo ipo. Masigira, katika mto Ruhuhu, imekadiriwa megawati 118. Kikonge, katika mto huo huo, imekadiriwa megawati 300, pamoja na kilimo cha umwagiliaji. Imo katika mipango ya Taifa kwa miaka mingi, na upembuzi wake umegharimu fedha. Naiunga mkono, lakini kwa sharti moja ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mbasa anapanda Ruhuhu kwenda kuzaa, na ukuta wa zege haujui msimu wa mbasa. Wajenzi waeleze mapema, kwa maandishi, samaki atapita wapi na maji kiasi gani yataachwa yateremke ziwani wakati wa kiangazi. Umeme unaomwacha mvuvi wa Lituhi na nyavu tupu utakuwa umetoka mfukoni mwake.

Kuhusu mvuvi huyo, mambo yamekwisha badilika bila wizara yoyote kuamuru. Zamani usiku wa giza ziwa lilimeta kwa karabai za wavuvi wa usipa, na nusu ya mapato iliishia katika mafuta ya taa. Leo taa za betri na za jua zimezisukuma karabai pembeni. Mvuvi alifanya hesabu yake, akabadilika. Kinachomkwamisha sasa ni nchi kavu: barafu ya kuhifadhia samaki, majokofu, mashine za kukaushia. Barabara ya lami kutoka Mbamba Bay mpaka Mbinga ipo, samaki aliyevuliwa alfajiri anaweza kuwa Songea kabla ya adhuhuri. Lakini samaki hangoji fundi wa TANESCO.

Basi yanayotakiwa si mengi, na yako ndani ya uwezo wa shirika. TANESCO itamke wazi kwamba haitatumia fedha ya umma wala dhamana ya umma katika mtambo wa makaa Ngaka. Itume wahandisi wapime mito ya Mbinga na Nyasa, mto kwa mto, msimu kwa msimu, na vipimo hivyo vibandikwe katika ofisi za halmashauri kila mtu avione. Iwalipe wazalishaji wadogo kwa wakati na iwahakikishie bei isiyowaua. Itangaze kila mwezi saa ambazo umeme umekatika Mbinga, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ili tubishane kwa hesabu na tuache kubishana kwa hasira. Na paa za shule za sekondari, vituo vya afya na ofisi za wilaya ziwe za kwanza kubeba umeme wa jua, TANESCO ikinunua unaobaki.

Wizara ya Nishati imekwisha kutangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Ni kazi kubwa, na ndiyo hasa inayoleta swali hili mbele. Nguzo zimefika. Swali ni kitakachopita katika waya, kitatoka wapi, na nani atalipwa kwa hicho.

Watumishi wa halmashauri za Mbinga na Nyasa wanayo sehemu yao. Mipango ya wilaya huandikwa na wao, na kwa kawaida sura ya nishati huwa na ukurasa mmoja ulionakiliwa kutoka mwaka uliotangulia. Walimu wa fizikia na jiografia wana wanafunzi wanaoweza kupima kina na kasi ya mto kwa kamba, kipande cha mti na saa. Wakiandika kila wiki kwa mwaka mmoja, wilaya itakuwa na takwimu ambazo shirika halina. Madiwani wanaweza kuzidai majibu katika vikao vyao, na wabunge wanaweza kuzibeba Dodoma kabla bajeti ya Wizara ya Nishati haijapitishwa. Bajeti hiyo husomwa kila mwaka kabla ya mwezi Juni kwisha, na vikao vya madiwani vya robo ya tatu hutangulia. Muda wa kuandika barua upo, na mtu wa kuiandika ni yule anayesoma gazeti hili ofisini.